Mifuko ya poliesta ya kuhifadhia karatasi za kiwanda: neno la fundi wa viti

Nianze na kosa langu, mjue anayezungumza ni nani. Kazi yangu ni kushona na kukarabati viti vya magari ya zamani, na miaka ya mwanzo kila karatasi niliyoikuta ndani ya kiti niliihesabu takataka. Unafungua kiti cha nyuma, unakuta sponji imekuwa unga, kiota cha panya, pini za nywele, sarafu mbili tatu, na katikati ya springi karatasi iliyokunjwa, imekauka kama jani la mgomba. Vyote ndoo moja. Mpaka siku mteja alipoinama kwenye ndoo ile akaichomoa karatasi kwa vidole viwili, akaipuliza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, hizi huwa unazitupa?" Sijui nimetupa ngapi. Wala sitaki kuhesabu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: katika viwanda vya Marekani vya miaka ya 1960 na 1970, gari likiagizwa, maagizo yake yalichapwa kwenye karatasi zilizosambazwa kwenye vituo vya kazi. Anayefunga viti anasoma yake, anayefunga redio anasoma yake, wa gia naye vivyo hivyo. Imejaa visanduku vya namba na herufi, haina picha wala pambo lolote. Kazi ikishaisha karatasi haina mwenyewe tena, basi ilibaki pale ilipoishia: kwenye springi za kiti, chini ya kapeti, nyuma ya dashibodi. Kwenye magari mengi ya General Motors ilikaa juu ya tangi la mafuta, na Corvette za kuanzia 1967 zilibandikwa yao kabisa kwa gundi juu ya tangi. Fikiria karatasi iliyokaa miaka hamsini kati ya tangi na bodi, na barabara ikiirushia tope kila mvua.

Thamani yake inategemea gari ni la nani. Mwenye Ford ya kuanzia 1967 akiikosa hajapotea, kwa kuwa Marti Auto Works wana haki ya kutumia kumbukumbu za uzalishaji za Ford na watamtolea ripoti kutokana na namba ya chesisi. Mwenye Pontiac ana PHS (Pontiac Historic Services), wenye nakala za ankara za kiwanda za kuanzia 1961 mpaka 1986. Mwenye MG au Land Rover anaandikia makumbusho ya magari ya Uingereza pale Gaydon, anapata cheti. Mwenye Volkswagen ana kumbukumbu za kampuni yenyewe pale Wolfsburg, Ujerumani. Lakini mwenye Dodge au Plymouth ya 1970 hana ofisi ya kuiandikia. Ana kibati kilichofungwa ndani ya bonneti pembeni ya madigadi, ambacho mara nyingi kimeng'olewa na mpaka rangi wa zamani kikapotea, na ana hiyo karatasi. Kama ipo.

Sasa bidhaa. Ninayoizungumzia hapa ni mifuko ya plastiki ya poliesta, ile angavu kabisa, iliyofungwa pande mbili tu zinazokutana kwenye kona moja, pande mbili nyingine zikiwa wazi. Ukiushika unafunguka kama kurasa za kitabu. Nilinunua pakiti ya ukubwa wa A3, unene wa mikroni 75, pamoja na sponji kavu ya mpira ya kusafishia masizi na boksi la kadibodi lisilo na asidi. Nimeitumia kwa miezi kumi na minne, kwenye karatasi tisa za magari sita. Nitazungumzia mojawapo, kwa sababu ndiyo iliyoninunulisha.

Lilikuwa Dodge Dart Swinger la 1970, milango miwili, jekundu la kung'aa. Mwenyewe ni mzee mmoja mstaafu aliyerithi gari kwa kaka yake. Namba ya chesisi inaanza na LL23C0B, na hapo pekee tayari kuna habari: L ya kwanza ni Dart, C ni injini ya silinda sita ya inchi za ujazo 225, 0 ni mwaka 1970, B ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Kibati cha madigadi hakikuwepo, yalibaki matundu mawili ya skrubu.

Kiti cha nyuma nilikifungua mwenyewe, sikumwachia kijana wangu. Kitambaa kinashikwa kwenye fremu kwa vipete vya chuma, na vya zamani vikiwa na kutu ukivikata kwa pupa vinaruka na kuchana chochote kilicho karibu. Nilivifungua kimoja kimoja kwa koleo mbili, upande wa nyuma kwanza. Nilipoinua gunia la kufunikia springi, karatasi ikaonekana, imepita kati ya springi ya tatu na ya nne, imejikunja kufuata mzunguko wa chuma. Mzee alikuwa amesimama mgongoni kwangu. Nilimsikia anavuta pumzi.

Nilipoifikia sehemu ya namba ya chesisi, herufi ya tano ilikuwa G. Yetu ni C. G kwa mwaka ule ni injini ya 318, silinda nane. Mzee aliniangalia kama niliyemtangazia mirathi. "Kwa hiyo gari lilitoka na silinda nane?" Hapana, mzee wangu. Karatasi ni ya gari jingine. Viti vilitengenezwa kivyake na bodi kivyake, vikakutana njiani, na karatasi iliyoachwa kwenye kiti haikulazimika kuwa ya gari lililopewa kiti hicho. Wenye magari ya Chrysler, kampuni iliyotengeneza Dodge na Plymouth, wanalijua hili, na kuna waliochapisha picha za karatasi isiyo yao wakauzia gari. Soma namba yote, mpaka tarakimu ya mwisho, kabla hujashangilia.

Yetu tuliipata siku ya pili, chini ya kapeti, upande wa abiria, imegandamana na lami ya kuzuia kelele. Hii ndiyo iliyonifundisha subira. Nusu yake ilikuwa safi, nusu imelowa mafuta na kutu, na kona moja imeliwa na panya kwa mstari wa meno uliopangika vizuri kuliko mshono wangu. Nilivaa barakoa na glavu, maana mkojo wa panya si kitu cha kupumulia, na sikufagia wala kupuliza hewa ya kompresa. Nilipitisha kisu chembamba cha kupakia rangi chini yake, nusu sentimita kwa nusu sentimita. Palipogoma niliacha, nikahamia upande mwingine. Saa mbili na nusu kwa karatasi moja. Namba ilikuwa ya kwetu mpaka mwisho. Na kwenye kisanduku cha rangi: EB5. Hiyo ni buluu ya metali. Mzee alikaa kwenye stuli, akaliangalia gari lake jekundu, akasema, "Kumbe walilizaa la buluu." Redio ilikuwa R11, ya masafa ya AM pekee, na upande wa pembeni mtu alikuwa amechora mkwaju mnene wa penseli ya nta, labda kuhesabu kwamba yake kashaifanya.

Hapo ndipo nikajiuliza nitaihifadhi ndani ya kitu gani. Mambo mawili niliyokwisha kuyaona yalinizuia nisiende njia ya mkato.

La kwanza, lamineshini. Mteja wangu wa zamani alipeleka karatasi yake duka moja la kutoa nakala, wakaipitisha kwenye mashine ya moto. Siku ya kwanza ilipendeza kweli, imenyooka, ngumu, inafutika kwa kitambaa. Tatizo ni kwamba ile gundi iliyoyeyuka imeingia ndani ya nyuzi za karatasi na haitoki tena. Palipokuwa na kipande kilichopasuka, mashine ilikisogeza kabla haijakikamata, sasa kimelala juu ya tarakimu mbili za namba ya chesisi. Kiko hapo maisha. Mashine ya namna hii hairudishi nyuma.

La pili, faili za kawaida za plastiki laini. Hizi nyingi ni PVC, na PVC inalainishwa kwa mafuta yanayotoka polepole, tena ikichakaa inatoa asidi. Nina ushahidi nyumbani: kitabu cha maelekezo ya gari nilichokiweka kwenye jalada la aina hiyo, ukilifungua maandishi ya ukurasa wa juu yamehamia kwenye plastiki, unayasoma kinyume kama kwenye kioo.

Ndiyo maana poliesta. Haina vilainishi, haishikani na wino, haibadiliki rangi, na karatasi inaingia na kutoka muda wowote bila gundi yoyote. Ila hakikisha ni poliesta kweli, kwa sababu wauzaji wengine wanaandika "salama kwa kumbukumbu" kwenye chochote. Kwanza sauti: poliesta ukiikunja kidogo inalia kwa ukali, PVC ni nyororo, iko kimya na ina ile harufu ya pazia jipya la bafuni. Ukibaki na shaka, fanya jaribio la waya wa shaba. Ushike kwa koleo, upashe moto mpaka mwali usiwe na rangi, uguse kwenye kona ya plastiki, halafu uurudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani kibichi, ndani mna klorini, na hiyo si poliesta. Fanyia nje, kwa kipande kidogo kama kucha, usivute moshi. Pakiti yangu ilifaulu. Faili la kitabu changu cha maelekezo liliwaka kijani mpaka kijana wangu akapiga makofi.

Kabla ya kuingiza karatasi mfukoni, maandalizi. Hapa sponji ya mpira ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote, na ningeinunua hata kama nisingekuwa na karatasi ya kusafisha. Haitumiwi na maji. Unaigusisha na kuivuta upande mmoja, kutoka katikati kwenda nje, husugui kama unayefuta ubao. Inabeba vumbi na masizi, ikichafuka unakata tabaka la juu kwa wembe unaendelea. Kwenye Dart ilinifunulia mstari mzima wa namba niliodhani umefutika. Usiipitishe tu juu ya penseli wala juu ya wino unaoachia. Ule mkwaju wa nta niliuzunguka kwa mbali.

Mikunjo sikuipiga pasi, japo mkono wangu wa ushonaji ulinishawishi. Nilichukua boksi la plastiki lenye mfuniko, chini taulo lililoloweshwa na kukamuliwa vizuri, juu yake kichanja cha waya, na karatasi juu ya kichanja isiguse maji. Baada ya masaa manne ilikuwa imelegea kama kitambaa cha pamba. Nikaihamishia katikati ya karatasi za kunyonya unyevu, juu yake kioo na vitabu, siku tatu, nikibadilisha zile za kunyonya kila asubuhi. Kutu haikutoka na sikuitafutia dawa. Dawa za kutu ni asidi, na asidi ndiyo inayoila karatasi hii kutoka ndani tangu siku ilipotengenezwa. Iliyopasuka niliishika kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa nyuma. Seloteipu, hapana. Anayetaka kujua kwa nini aangalie kitabu chochote cha zamani kilichowahi kubandikwa: teipu imeanguka, doa la kahawia limebaki.

Mifuko yenyewe nimeipenda kwa uwazi wake. Unasoma pande zote mbili bila kuigusa karatasi, mteja anaipitisha kwa jamaa zake, wanaonyeshana kwa vidole vyenye mafuta, na hakuna madhara. Mshono wa joto kwenye ile kona ni mwembamba na umenyooka. Katika mifuko 25 mmoja tu ulikuwa umepinda. Kwa kuwa pande mbili ziko wazi, karatasi dhaifu husukumwi kuiingiza. Unafunua, unailaza, unafunika. Kwa ile ya Dart, iliyobaki na kona tatu tu, hilo lilikuwa na maana kubwa.

Niliwahi kufikiria kununua ile iliyofungwa pande zote nne. Nashukuru sikununua. Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao ndio waliofanya kazi kubwa ya kuieneza njia hii ya poliesta, waliona kwamba karatasi yenye asidi ikifungiwa kabisa inazeeka haraka zaidi, kwa sababu inachotoa kinabaki humo humo kikiizunguka. Karatasi za kiwanda ni za mbao za bei ya chini, zimejaa asidi. Kwa hiyo nyuma ya kila moja nimeweka karatasi nyeupe yenye chokaa, inayozimua asidi, na hewa inapita kwenye pande mbili zilizo wazi. Karatasi hiyo nyeupe inasaidia pia kusoma, maana maandishi ya nakala ya kaboni yakiwa na poliesta tupu nyuma yake yanapotea.

Lawama. Kwanza umeme wa kugandamana. Siku kavu mfuko unavuta kila unyoya wa chumba, na kwa mtu anayeshinda na pamba na sponji za viti hii ni kero ya kweli. Kibaya zaidi, mvuto huo huo unaweza kunyofoa kitu kilicholegea juu ya karatasi. Kwenye karatasi moja ya Plymouth, kipande cha wino kama punje ya ufuta kilipanda kwenye plastiki mbele ya macho yangu. Nilikirudisha kwa ncha ya brashi. Yenye penseli nyingi au wino unaobanduka iwekwe kwenye folda ya karatasi isiyo na asidi, si humu. Mtengenezaji hakuliandika hilo popote kwenye pakiti, na angepaswa.

Pili, kingo. Zimekatwa kwa kisu na hazijazungushwa pembe. Nimechanjwa mara mbili, na damu ni kitu cha mwisho unachokitaka karibu na karatasi ya miaka 50. Sasa nazungusha pembe kwa mkasi wa kucha kabla ya kutumia. Tatu, inachubuka kirahisi. Ukiirundika bila kitu katikati, baada ya miezi michache inakuwa na mikwaruzo inayong'aa, na ukijaribu kuiskani ndani ya mfuko taa ya skana inarudi kama jua kwenye kioo cha mbele. Skani kwanza, karatasi ikiwa nje ya mfuko, nukta 600 kwa inchi, pande zote mbili, hata upande usio na maandishi. Halafu ndiyo uiingize.

Boksi la kadibodi sina mengi. Ni boksi. Mfuniko unakaa vizuri.

Swali ninaloulizwa sana ni kama mfuko unatosha karatasi ikae ndani ya gari. Hautoshi. Gari likiachwa juani na vioo vimefungwa, ndani ni tanuri, usiku ni unyevu, na plastiki haizuii joto. Wapo wanaotaka asili irudi palepale ilipokutwa kwa ajili ya maonyesho, nami huwa siwabishii sana, gari ni lao. Ila mzee wa Dart nilimbishia. Aliniambia karatasi imekaa mle miaka yote hiyo na haikufa. Nikamwonyesha mstari wa meno.

Kwa alama, mifuko naipa nne kwa tano; hiyo moja imeondoka na umeme na zile kingo. Sponji tano kamili. Anayemiliki gari moja hahitaji pakiti nzima, aungane na wenzake wawili watatu, kwa kuwa karatasi za gari moja mara chache zinazidi tano hata ukijumlisha kadi ya waranti na ile karatasi ya bei iliyobandikwa dirishani, ambayo sheria ya Marekani ya 1958 ililazimisha magari mapya yawe nayo na ambayo karibu kila mnunuzi aliichana siku ya kwanza.

Ile karatasi ya silinda nane nayo nimeiwekea mfuko wake. Kuna mtu mahali fulani ana Dart lenye namba hiyo na hana karatasi, na mzee amekubali ikae kwangu mpaka apatikane. Ya kwake ameondoka nayo, bapa, ndani ya boksi, ameishika kwa mikono miwili kama sinia. Gari bado ni jekundu; anasema anafikiria. Mimi nilipokuwa nafunga kiti cha nyuma, kabla ya vipete vya mwisho, niliingiza nakala kati ya springi ya tatu na ya nne, na nyuma yake nikaandika kwa penseli: "Hii ni nakala. Asili iko kwa mwenye gari. Fundi mwenzangu, usibandue kapeti, hakuna kitu kingine."